Mtwara hadi Kilwa na mwenzako: pangeni kwa maji, gari litafuata

Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, mimi na mume wangu tulikaa karibu saa tatu juu ya tope la ghuba ya Mikindani, ngalawa imekwama, jua linapanda, chupa moja ya maji baina yetu. Hakukuwa na dhoruba wala hatukupotea. Tulikuwa tumetoka mjini Mtwara saa mbili asubuhi kwa sababu ndiyo saa iliyotufaa, tukashuka pwani, tukamwomba kijana mmoja atuzungushe. Yule kijana alisema waziwazi, "Maji yanatoka, dada." Nikamjibu tunazunguka mara moja tu. Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Kufika saa tatu ndubi za ngalawa, yaani mbao zake za pembeni, zilikuwa zinakwaruza chini, na tulioondoka nao pwani walikuwa wanapita kwa miguu kando yetu na ndoo zao, wanakwenda kuchokoa pweza.

Tangu siku ile safari zetu zote za pwani ya kusini tunaanza kuzipanga na maji. Wengi huanza na gari: likizo lini, mafuta kiasi gani, tulale wapi. Hayo yote yana nafasi yake, lakini barabara iko palepale kesho na keshokutwa. Maji hayako palepale. Huu ni mwongozo wa siku tano kwa watu wawili, mke na mume, kutoka Mtwara hadi Kilwa kupitia Mikindani na Lindi, mkitweka tanga mara tatu njiani. Si lazima muwe mabaharia. Ghuba ya Mikindani na ile ya Lindi zimezungukwa na vilima kiasi kwamba asubuhi, kabla upepo haujaingia, utadhani uko ziwani milimani. Ndiyo maana tunajifunzia humo kwanza, Kilwa tunaiweka mwisho.

Hatua ya kwanza: hesabuni mwezi

Kwenye pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na robo. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vilevile baada ya mwezi mpevu, ndiyo bamvua: maji yanajaa mno na yanakauka mno, tofauti ya juu na chini inapita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu. Hayapandi sana, hayashuki sana, na mkondo unapoa.

Sasa liko jambo ambalo wageni hawalijui, na sisi wa pwani hatulisemi kwa sababu tumekua nalo. Saa za bamvua ni zilezile mwaka mzima, hazipishani sana. Siku ya bamvua maji hujaa kama saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni, na hukauka kama saa nne asubuhi. Kwa hiyo mkiona mwezi mpevu Jumamosi usiku, msipange ngalawa Jumatatu saa tatu asubuhi. Hilo ndilo kosa letu nililolieleza. Baada ya hapo maji huchelewa kila siku kwa kadiri ya dakika 50, mpaka mwezi unapofika nusu ndipo hujaa kama saa nne asubuhi.

Kwa safari hii chagueni tarehe 5 hadi 9 ya mwezi mwandamo, au tarehe 20 hadi 24. Kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu inatosha kabisa kupangia, na simu nazo zina programu za jedwali la maji ikiwa mnataka dakika kamili. Angalieni jinsi siku zinavyokaa. Tarehe 5 mko Mikindani, maji yanajaa kama saa moja asubuhi. Tarehe 6 mnaendesha kwenda Lindi. Tarehe 7 mko ghubani Lindi, maji yanajaa karibu na saa tatu. Tarehe 8 mnaendesha kwenda Kilwa. Tarehe 9 mnavuka kwenda Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale, maji yanajaa kama saa tano. Kila siku ya tanga mnapata maji ya kutosha asubuhi, na siku zote tano zinaangukia maji mafu au karibu nayo. Kwa mtu anayeanza, hakuna zawadi kubwa kuliko mkondo usio na nguvu.

Jambo moja zaidi kwenye kalenda: siku ya tanga isiwe Ijumaa. Manahodha wengi wa huku ni Waislamu, na kuanzia saa nne wanajiandaa kwenda msikitini. Ijumaa iwe siku ya kuendesha.

Hatua ya pili: upepo

Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, na Juni, Julai na Agosti huwa na nguvu nyingi. Kaskazi ni Desemba hadi Machi. Mvua ya kusini huku ni ya msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba, ikaisha Aprili au Mei. Katikati ya kusi na kaskazi huja matlai, upepo wa mawio, na bahari hutulia. Kwa maoni yangu hakuna wakati bora kuliko mwisho wa Septemba hadi katikati ya Novemba. Kusi imechoka, mvua haijaanza, na korosho zinaanza kuanguka, hivyo njia nzima mtanusa mabibo.

Ndani ya siku moja pia upepo una zamu zake. Alfajiri hutoka nchi kavu, ule tunaouita umande, mwepesi na wa baridi kidogo. Kufika saa tatu au saa nne upepo wa bahari unaingia, na alasiri unakuwa mkali. Basi tanga ni la asubuhi. Adhuhuri muwe mmekwisha kushuka, mnakula.

Mkianza na upepo wa omo, unaotoka mbele, mtarudi na wa tezi, unaotoka nyuma. Maana yake mwanzoni, mkiwa na nguvu na maji ya kunywa bado baridi, ndipo muukabili upepo kwa bisho, yaani kwa kwenda upande upande. Nahodha akiona umezidi, anageuza tu, na upepo uleule unawarudisha. Wanaoanza kwa raha ya tezi hugundua mbali kwamba safari ya kurudi ni ya saa tatu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za baharini. Mkisikia redioni au mkisoma kwamba kuna upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2 kwa pwani ya Lindi na Mtwara, siku hiyo kaeni nchi kavu. Msiende kumuuliza nahodha anaonaje. Yeye ana watoto wanaosubiri pesa ya leo, si haki kumtwika uamuzi huo.

Hatua ya tatu: gari na mizigo

Barabara kuu kutoka Mtwara hadi Kilwa Masoko ni ya lami, kwa hiyo gari dogo linatosha. Jazeni tangi Mtwara, ongezeni Lindi, na Nangurukuru mtapata tena. Tairi la akiba likaguliwe kabla, pamoja na jeki. Msiendeshe usiku: baiskeli hazina taa, mbuzi hulala kwenye lami kwa sababu ina joto, na msimu wa korosho malori ni mengi.

Kitu cha lazima kuliko vyote ni majaketi okozi mawili ya kwenu wenyewe. Vyombo vingi vidogo havina, au lipo moja limekatika mkanda. Nunueni kabla ya safari, kila mmoja avae lake nyumbani, afunge mikanda yote, kisha mwenzake alishike mabegani na kulivuta juu kwa nguvu. Likipanda mpaka masikioni ni kubwa mno. Nimeona watu wengi wanalikalia kama mto. Jaketi lililokaliwa halimwokoi mtu.

Mengine: kanga mbili au tatu kwa mke (ya kujifunika jua, ya kubadilishia nguo, ya kufutia chumvi), shuka au kikoi kwa mume, kofia yenye kamba ya kidevuni, maji lita 5 kwa kila siku ya tanga, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na tangawizi mbichi kwa anayechafukwa na bahari. Mimi huchafukwa. Huwa natafuna kipande tangu nikiwa bado kwenye gari, na asubuhi hiyo nakula muhogo wa kuchemsha badala ya chai ya maziwa. Tumbo tupu ni baya kuliko tumbo lililoshiba kiasi.

Hatua ya nne: kumpata nahodha

Nendeni pwani jioni ya siku iliyotangulia, pale vyombo vinaporudi. Msitafute chombo, tafuteni mtu. Mtazameni anavyotia nanga, anavyokunja tanga lake, kama anafua maji ndani ya chombo kabla hajaondoka au anaacha ngama, tumbo la chombo maji yanamokusanyika, imejaa. Anayekunja tanga vizuri akiwa amechoka ndiye wa kwenda naye.

Anzeni na salamu, tena ndefu. "Shikamoo mzee." "Marahaba, wanangu, habari za mjini?" Ulizeni za kazi, za bahari, za nyumbani. Halafu ndiyo msema shida yenu: tunataka kwenda wawili, asubuhi, kwa tanga, na tunataka kufundishwa. Neno "kwa tanga" lisemeni mapema, maana siku hizi wengi wakiona mgeni wanafikiri anataka mashine. Bei ni ya safari nzima, si ya kichwa, na mkubaliane kabisa saa ya kuondoka, saa ya kurudi, na kama mafuta ya mashine ya dharura yamo ndani. Kisha ulizeni swali moja la mwisho: "Kesho maji yanajaa saa ngapi?" Jibu lake lilingane na hesabu yenu. Nahodha wetu wa Mikindani, tulipomuuliza hivyo mara ya kwanza, alinyamaza, akanitazama mimi badala ya mume wangu, akasema, "Bibie, wewe una mtu wa pwani kwenu." Kuanzia hapo aliongea nasi kama watu wa kazini.

Hatua ya tano: Mikindani, kujifunza kushika demani

Mikindani iko kama kilomita 10 tu kutoka Mtwara mjini, mnaweza kulala nyumbani na kufika saa kumi na mbili na nusu. Ni ghuba ya mviringo yenye mlango mwembamba wa bahari. Juu ya mji kuna Boma la Wajerumani la mwaka 1895, na chini yake mitaa ya nyumba za mawe zenye milango ya nakshi. Livingstone aliondokea hapa mwaka 1866 kwenda bara, safari ambayo hakurudi akiwa hai. Ukiwa majini na kuutazama mji unaelewa kwa nini vyombo vilikimbilia humu: kusi inavuma huko nje, ndani maji yanatikisika tu.

Hapa ndipo pa kujifunzia, na chombo cha kujifunzia ni ngalawa. Ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, lenye ndubi mbili ubavuni zilizoshikwa kwa mirengu. Tanga ni moja, limefungwa kwenye foromali, boriti inayolibeba, na foromali inapandishwa mlingotini kwa kamba iitwayo henza. Kamba inayotoka kwenye ncha ya nyuma ya tanga ni demani. Tanga la mzee wetu lilikuwa la turubai la buluu lenye viraka viwili vya mfuko wa salfa, ile salfa ya kupulizia mikorosho, na maandishi ya mfuko bado yalisomeka jua likipita nyuma yake.

Alitugawia kazi kabla hatujang'oa nanga. Mume wangu usukani, mimi demani. Akaniwekea kamba kiganjani na kunifungia vidole juu yake, kisha akasema jambo ninalotaka kila mke na mume wanaosoma hapa walishike: "Usiizungushe mkononi. Ishike tu. Upepo ukija na hasira, fungua vidole." Basi. Demani ikiachiwa, tanga linapepea, nguvu yote inaondoka, chombo kinatulia. Demani iliyozungushwa mkononi haiachiki, na upepo wa ghafla ukipiga chombo kinalala au mkono unakatika ngozi. Tulifanya zoezi hilo mara tano sita kabla ya kwenda popote: vuta, shika, fungua vidole. Vuta, shika, fungua.

Baada ya hapo mnajifunza pande mbili tu. Upande upepo unakotokea ni joshi, upande unakoelekea ni demani, jina lilelile la kamba. Mwenye uzito akae joshi. Upepo ukizidi, sogeeni joshi zaidi, hata kukaa juu ya mrengu, na mzee atawaonyesha namna. Mume wangu alichukua muda kuelewa kwamba usukani unasukumwa kidogo kidogo. Alikuwa anaukata kama gari. Mzee hakumkemea, alimwekea mkono juu ya mkono wake, wakaenda hivyo mpaka karibu na mikoko ya ng'ambo.

Kazi ngumu ni kukisi tanga, yaani kulihamisha upande wa pili mnapogeuka. Foromali inazungushwa mbele ya mlingoti, na demani inapitishwa upande mwingine. Kwa sekunde chache tanga linapiga kelele, chombo kinayumba, kila mtu anataka kusema. Hapo ndipo wanandoa hugombana. Tulichokifanya, na kimetufaa miaka yote, ni kukubaliana maneno matatu kabla ya kuondoka, na kutosema lingine lolote wakati wa kukisi. "Kichwa" maana yake inama, foromali inapita. "Achia" ni ya demani. "Vuta" ni ya demani pia. Maelezo, lawama, nilikuambia, hukuniambia, yote yanasubiri tanga lishike upepo tena. Mara nyingi likishika, hayana haja ya kusemwa.

Saa nne muwe pwani. Kwa tarehe 5 maji yatakuwa yanatoka, na sehemu kubwa ya pembeni mwa ghuba hubaki tope. Mnakunywa dafu, mnapumzika, jioni mnarudi Mtwara au mnalala palepale.

Hatua ya sita: Mtwara hadi Lindi

Ni kama kilomita 110, saa mbili za mwendo wa heshima. Barabara inapanda na kushuka kati ya mikorosho na minazi hadi Mnazi Mmoja pale Mingoyo, ambapo njia ya kushoto inakwenda Masasi na nyinyi mnaendelea kulia kwenda Lindi. Simameni hapo. Nunueni korosho za kukaanga, na mkikuta ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi myembamba ya porini, msiipite. Humenywa kwa meno, huliwa na chumvi na pilipili, na ukitoka nje ya mikoa hii miwili huipati kirahisi.

Hakuna haja ya kuondoka alfajiri. Siku hii ni ya mapumziko ya mikono, maana mwenye demani atakuwa na malengelenge.

Hatua ya saba: ghuba ya Lindi

Lindi mji umejipanga kando ya ghuba, nyuma yake vilima, na ng'ambo ni Kitunda nako kuna vilima. Mto Lukuledi unamwaga maji yake humu, ndiyo sababu upande wa ndani rangi ya maji ni ya kahawia na mikoko ni mingi. Kumbukeni hilo: maji yanapotoka, mto na bahari vinasukuma pamoja kuelekea nje, na mkondo huwa na nguvu kuliko Mikindani hata siku za maji mafu. Ondokeni saa mbili maji yakiwa yanaingia bado, zungukeni upande wa Kitunda, na mgeuze mara tu maji yanaposimama, yaani karibu na saa tatu au tatu na nusu. Mkigeuza wakati huo mnarudi mjini mkondo ukiwa haujaamka.

Mkipata mashua badala ya ngalawa, chukueni. Ni ya mbao za kupigiliwa, pana, imekaa majini kwa utulivu, na mnaweza kusimama. Hii ndiyo siku ya kubadilishana: aliyeshika usukani Mikindani ashike demani. Mume wangu alikataa kidogo, akasema yeye amezoea usukani. Nikamwambia amezoea asubuhi moja. Nilipokaa kwenye usukani nikaelewa kwa nini alikuwa akiuliza kila mara "umevuta?" Kutoka nyuma huoni mkono wa mwenzako, unaona tanga tu. Tangu siku ile kila ninapovuta nasema.

Mkitulia katikati ya ghuba, tazameni bandari ya zamani. Kati ya 1909 na 1913 mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi, ilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi hapa ikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Dinosaria mmoja, mrefu zaidi ya mita 13, amesimamishwa kwenye makumbusho mjini Berlin hadi leo. Mizigo yote ile ilipita juu ya vichwa vya watu wa huku, wengi wao majina yao hayajulikani kwa wajukuu wao, na mimi kila nikipita pale ghubani nawakumbuka wao kuliko huyo mnyama.

Jioni nendeni sokoni pwani mnunue changu au kibua, mwombe mama lishe awakaangie. Lala mapema.

Hatua ya nane: Lindi hadi Kilwa Masoko

Chini ya kilomita 200. Mnapita Mchinga, mnavuka mto Mbwemkuru, mnapita Kiranjeranje, halafu Nangurukuru, ambako mnaiacha barabara ya Dar es Salaam na kukata kulia kwa kama kilomita 30 hadi Masoko. Kama mnatoka Dar mkakutane na njia hii Nangurukuru, ulizieni hali ya barabara sehemu za Somanga kabla ya kuondoka wakati wa mvua. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata na magari yakakwama.

Mkifika Masoko mapema, siku hiyohiyo katieni kibali cha kuingia magofu. Yako chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na ofisi iko Masoko, si kisiwani. Mkiacha hadi asubuhi mtapoteza saa nzima ya maji kwa ajili ya risiti.

Hatua ya tisa: Kisiwani

Kutoka Masoko hadi Kilwa Kisiwani ni kama kilomita 2. Kwa mashine ni dakika chache. Kwa tanga, upepo ukiwa mwema, ni nusu saa au zaidi kidogo, na ndiyo nusu saa niliyoipenda kuliko safari yote. Hii si ghuba tena. Ni mlango wa bahari, mkondo unakatiza, na mawimbi yanakuja na mpangilio wake. Usukani ashike nahodha. Nyinyi shikeni demani kwa zamu, mkae joshi, mvae majaketi yamefungwa.

Kwa tarehe 9 ondokeni saa tatu na nusu, mfike maji yakiwa bado yanapanda. Chombo kitawafikisha karibu na Gereza, ngome iliyoanzwa na Wareno mwaka 1505 na kujengwa upya baadaye wakati wa Waarabu wa Oman. Mkija maji yakiwa yamekauka mtashuka mbali, mtembee ndani ya maji ya magoti juu ya mawe yenye chaza wakali. Vaeni viatu vya kulowana kwa vyovyote vile.

Kisiwani kuna kijiji kinachokaa, watu wanalima na kuvua. Mke ajifunge kanga au avae gauni refu, mume suruali au kikoi, na kama mmezoea kushikana viuno barabarani, hapa shikaneni mikono inatosha. Ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Mchukueni mwongozaji wa palepale, si kwa sababu mtapotea, bali kwa sababu anajua kisima kipi bado kinachotwa na mbuyu upi una habari gani.

Msikiti Mkuu wa mawe ya matumbawe ndio wengi wanaokuja kuuona, na una haki hiyo. Lakini kama nguvu ni chache, ziwekeni kwa Husuni Kubwa, jumba alilojenga Sultani al-Hasan ibn Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, lenye birika la pembe nane, juu ya jabali linalotazama bahari. Ibn Battuta, msafiri wa Kimoroko, alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta sultani huyo, akamsifu kwa ukarimu wake. Simameni ukingoni mtazame maji. Dhahabu ya Sofala ilikuja kutoka kusini kwa tanga, nguo na vyombo vya kauri vilikuja na kaskazi kutoka ng'ambo, na wote walisubiri hapa upepo ugeuke ndipo warudi kwao. Mji mzima ule, ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, uliishi kwa kalenda ileile mnayoifuata: kusi, matlai, kaskazi, bamvua, maji mafu.

Maji yakisimama muwe mnarudi kwenye chombo. Nahodha wetu hakutuita kwa simu. Alituma mtoto wa kiume wa miaka kama minane, ambaye alitufikia mbio pale birikani, akasimama, akavuta pumzi, akasema, "Babu anasema maji yamesimama."

Kurudi

Mkishuka Masoko, mwageni maji ya bomba kwenye majaketi, viatu na kamba yoyote mliyobeba, kisha yakauke kivulini, jua hula mikanda. Futeni pia mikanda ya gari na bawaba za milango kwa kitambaa kibichi, chumvi ya nguo zenu imeshafika huko. Laleni Masoko, msilazimishe kurudi jioni ileile. Kutoka Masoko hadi Mtwara ni safari ya siku moja bila haraka, na mkiondoka saa moja asubuhi mtapita Lindi adhuhuri. Tarehe itakuwa 10 ya mwezi, ghuba imejaa karibu na saa sita, na kama mzee yule wa mashua yupo, ana nafasi, na upepo bado mwepesi, jaketi zenu zitakuwa zimekauka.